Maria Wawili wa Metropolis: Mwanamke na Taifa katika Filamu ya Mwaka 1927

Kila mwalimu wa fasihi anaijua orodha ile: mwanamke kama mama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mwanamapinduzi. Mwanafunzi akiulizwa ajadili nafasi ya mwanamke katika riwaya au tamthilia, huichukua orodha hiyo, huwapanga wahusika ndani yake mmoja mmoja, nasi tunampa alama. Mimi mwenyewe nimezigawa alama hizo kwa miaka mingi bila kusita. Nilianza kusita siku tulipowaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili filamu ya Metropolis.

Tuliichagua kwa sababu ya somo la tafsiri. Ni filamu bubu ya Kijerumani, na maneno machache yanayotokea kwenye kioo yanafaa kwa zoezi la kutafsiri kwa ufupi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927. Mwongozaji alikuwa Fritz Lang, na hadithi iliandikwa na mkewe, Thea von Harbou. Ni miongoni mwa filamu za kwanza ndefu za distopia, yaani filamu zinazobuni jamii ya kesho iliyoharibika ili watu wa leo wajitazame humo.

Jiji la Metropolis lina tabaka mbili. Juu wanaishi mabwana katika majumba marefu. Chini ya ardhi wanaishi wafanyakazi wanaoendesha mashine. Mtawala ni Joh Fredersen. Binti mmoja wa tabaka la chini, Maria, huwakusanya wafanyakazi kwenye mapango na kuwaahidi kwamba atakuja mpatanishi, basi wavumilie. Fredersen anapogundua mikutano hiyo anamwamuru mvumbuzi Rotwang alipe sanamu lake la chuma sura ya Maria, ili awavuruge wafanyakazi. Maria huyu wa pili anacheza ngoma ya kutamanisha mbele ya vijana wa mabwana hadi wanapigana wao kwa wao, kisha anashuka chini na kuwachochea wafanyakazi wavunje mashine. Maji yanafurika katika mji wa chini, na watoto nusura wazame. Wafanyakazi wanamkamata Maria wa chuma na kumchoma moto. Maria wote wawili waliigizwa na mtu mmoja, Brigitte Helm, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Wanafunzi walimaliza kazi kwa dakika tano. Maria wa kwanza: mama mlezi. Wa pili: chombo cha starehe, tena mwanamapinduzi mbaya. Orodha ilitosha kabisa, na hapo ndipo niliposhtuka. Kifaa cha uhakiki kikiikaa kazi kama glavu, huenda ni kwa sababu kifaa na kazi vilitoka kiwanda kimoja.

Tuirudie historia. Novemba 1918, siku chache baada ya mfalme kuondolewa, wanawake wa Ujerumani walipata haki ya kupiga kura, na Januari 1919 wakaitumia kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa. Katiba ya Agosti 1919 ilitamka kwamba wanaume na wanawake wana, kimsingi, haki na wajibu ule ule wa uraia. Lakini serikali za wakati huo huo zilitoa amri za kuwarudisha kazini askari waliotoka vitani, na wanawake walioendesha viwanda wakati wa vita wakaondolewa ili kuwapisha. Nchi ilikuwa imeshindwa vita, imepoteza makoloni (pamoja na Tanganyika, Rwanda na Burundi), na mwaka 1923 fedha yake iliporomoka hata mkate ukanunuliwa kwa mabilioni. Katika mtikisiko huo mijini alionekana "mwanamke mpya": nywele fupi, sketi fupi, mshahara wake mwenyewe, na jioni anakwenda dansi. Magazeti hayakuchoka kumjadili. Kuna waliomwona kuwa maendeleo, na kuna waliomwona kuwa dalili ya taifa kuoza na kumezwa na Umarekani.

Sasa tazama tena filamu. Kwenye mashine tunawaona wanaume watupu. Wanawake wa tabaka la chini wanajitokeza kwa wingi mara moja tu, Maria wa chuma anapowaita waume kwa wake waje kuvunja mashine. Wanakuja wote. Kisha msimamizi wa mashine kuu, Grot, anawauliza watoto wako wapi, na kilio kinaanza. Mpango wa hadithi ndio unaosema: mama ametoka nyumbani kwenda kwenye siasa, na maji yameingia mlangoni. Anayewaokoa watoto ni Maria yule mwingine, akisaidiwa na Freder, mwana wa mtawala, na rafiki yake. Mwishoni, mbele ya kanisa kuu la mtindo wa zamani wa Kijerumani, Freder anaunganisha mikono ya baba yake na Grot. Maria anamsukuma Freder afanye hivyo, kisha kazi yake imekwisha. Taifa limepatanishwa na wanaume watatu.

Mhakiki Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu sinema ya Ujerumani, aliona katika mwisho huo harufu ya siasa zilizofuata: mtawala anabaki mtawala, ila sasa anapendwa. Lang mwenyewe uzeeni alikiri kwamba hakuupenda. Mimi naona Kracauer alikuwa na haki, ila alimtazama mno mtawala na kumtazama kidogo mno mwanamke.

Kuna mwanamke wa tatu, naye alifutwa. Anaitwa Hel. Alipendwa na Rotwang, akaolewa na Fredersen, akafa akimzaa Freder. Rotwang alitengeneza mtu wa chuma kwa ajili ya kumrudisha Hel. Filamu ilipopelekwa Marekani, mwandishi Channing Pollock aliikata na kuipanga upya, na Hel akaondolewa kabisa, kwa kuwa jina lake lilifanana mno na neno la Kiingereza lenye maana ya jahanamu. Kwa miaka mingi watazamaji hawakujua kisa cha yule sanamu. Mwaka 2008 nakala ndefu zaidi ilipatikana katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires, imechakaa vibaya, na mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa tena ikiwa karibu kamili. Hel alirudi, ingawa hata katika nakala kamili yeye ni sanamu la jiwe tu.

Na mwandishi? Von Harbou aliishi kwa kalamu yake, mwanamke mpya kwa kila kipimo. Miaka mitatu kabla ya filamu hii yeye na Lang walikuwa wametoa Die Nibelungen (1924), filamu iliyowekwa wakfu kwa taifa la Wajerumani. Waliachana mwaka 1933. Lang aliondoka nchini. Von Harbou alibaki, akajiunga na chama cha Nazi, akaendelea kuandika na hata kuongoza filamu. Mwaka huo huo wa 1933 serikali ya Nazi ilianza kutoa mikopo ya ndoa kwa sharti kwamba mke aache kazi ya mshahara, na kila mtoto aliyezaliwa alipunguza robo ya deni. Kuanzia mwisho wa 1938 mama alipewa nishani kwa idadi ya watoto: wanne shaba, sita fedha, wanane dhahabu. Maria wa kwanza alikuwa amepata mshahara wake.

Hapa nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wamkumbuke mwenzetu mmoja. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafika Berlin mwaka 1929. Huko alifundisha Kiswahili chuo kikuu, na ili kuishi akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu za Kijerumani, mara nyingi kama mtumishi au askari mweusi. Mwaka 1941, mwaka ilipotoka filamu ya Carl Peters ambamo alionekana, alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Taifa likimfanya mwanamke kuwa mpaka wake, anayepigwa risasi mpakani si mwanamke peke yake.

Wiki iliyofuata tuliwaonyesha Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, na watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wakinywa dawa za kuzuia ndoto. Asha, mtunza makumbusho, anakaidi amri, anatoroka, anapanda mche jangwani na kuufunika kwa mwili wake hadi anakufa. Mwanafunzi mmoja aliandika "mama mlezi". Mwingine, binti asiyesema sana darasani, aliandika kwamba Asha ni Maria wote wawili katika mwili mmoja: anavunja utaratibu na anaokoa uhai kwa tendo lile lile, kwa hiyo hana mahali kwenye orodha. Kisha akauliza kwa nini, taifa likikauka, anayetakiwa kuwa mbolea ni mwanamke.

Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilimpa alama zote. Mwenzangu aliyeipitia karatasi kwa mara ya pili alizipunguza, akaandika pembeni "hajajibu swali". Mwongozo tuliuandika pamoja, mimi na yeye, na hadi leo hatujaelewana.