Msiba Sebuleni: Filamu za Familia za Dar es Salaam

Filamu za televisheni za Krismasi zinazotengenezwa Marekani huikusanya familia iliyofarakana kwa sababu ya sikukuu. Filamu za Dar es Salaam hukusanya ndugu kwa sababu ya msiba. Krismasi yenyewe si tukio la mjini sana: Desemba inapofika, Wachaga na wengine wengi hupanda mabasi kwenda kuila kwao. Msiba ndio unaowaleta shangazi na baba wadogo hadi Tandika au Mwananyamala, waketi mkekani na watu waliokuwa hawasalimiani.

Mizizi ya filamu hizo iko kwenye redio na televisheni. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Kituo cha ITV kilirusha matangazo yake kutoka Mikocheni, wilayani Kinondoni. Wasikilizaji walikwisha kuzoea visa vya nyumbani kupitia redio. "Twende na Wakati" ya Radio Tanzania ilianza 1993. Kundi la maigizo la Kaole lilihamishia visa hivyo kwenye luninga, na ndani yake wakakua Vincent Kigosi "Ray", Blandina Chagula "Johari" na Steven Kanumba.

Baada ya "Girlfriend" ya George Tyson mwaka 2003, waigizaji walianza kutengeneza filamu za kuuzwa kwenye kanda na diski, wakiwafuata Wanigeria ambao kazi zao zilijaa madukani. Mtaji ulikuwa mdogo, hivyo hadithi iliandikwa kulingana na mahali palipopatikana: sebule ya kuazima yenye makochi makubwa, kitanda cha hospitali, makaburini. Kilio kilirefushwa bila haya, maana filamu moja iliuzwa kwa sehemu mbili.

Kiini cha visa vingi kilikuwa mjane na mali. Hilo halikubuniwa na watunzi. Tangazo la sheria za mila la 1963 lilimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu aliacha ndugu wa ukoo wake, na kikao cha ukoo baada ya matanga kilijulikana kwa watazamaji wengi kabla hakijaigizwa. Mkwe akidai funguo za nyumba, kibanda kizima cha video kilizomea. Kanumba alikwenda upande mwingine: katika "This Is It" na "Uncle JJ" aliwapa watoto nafasi kubwa, na hizo ndizo zinazokaribia zaidi upole wa filamu za Krismasi.

Kanumba alifariki Aprili 7, 2012. Maelfu walimuaga viwanja vya Leaders, kisha akazikwa makaburi ya Kinondoni. Soko la diski, lililokuwa limedhoofishwa na wizi wa kazi, halikudumu sana baada yake. Azam TV ilianza 2013, na chaneli za kulipia zikageuka wanunuzi wakuu. Kwenye tamthilia kama "Huba" kisa hakimalizwi kwa saa mbili. Kati ya mazishi na arobaini zinaingia sehemu nyingi, na ugomvi wa nyumba ya marehemu sasa una nafasi ya kutosha.