Giaboksi Haichemki, Huungua

Gari likisimama kando ya barabara pale Mazeras, boneti wazi na mvuke ukipanda, kila apitaye anajua la kusema: linachemsha. Kinachochemka ni maji ya rejeta, na tiba yake inajulikana hata kwa asiyeendesha: subiri lipoe, usikimbilie kufungua kifuniko, kisha ongeza maji. Taabu huanza neno hilo hilo linapohamishiwa giaboksi ya otomatiki. Humo hamna maji. Mna oili, na oili hiyo huungua zamani kabla ya kufikia kuchemka.

Jambo hili lina uzito wake kwa wenye magari wa Liwatoni, hatua chache kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Magari yaliyokwisha kutumika Japani hushukia bandari hiyo, na Kenya hairuhusu kuingiza yaliyozidi umri wa miaka minane. Mengi ni ya otomatiki. Mnunuzi basi hupokea giaboksi iliyofanya kazi miaka kadhaa, mara nyingi bila daftari la kuonyesha oili ilibadilishwa lini, na safari yake ndefu ya kwanza huwa ni kupanda Nairobi: kilomita 480 hivi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600.

Joto lenyewe hutoka wapi? Baina ya injini na giaboksi pana chombo cha mviringo kilichojaa oili, mafundi hukiita konvata. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, mapanga huisukuma oili, na oili huyazungusha mapanga ya upande wa pili. Ndiyo maana gari la otomatiki husimama kwenye taa likiwa kwenye gia na injini isizimike. Asili ya chombo hiki ni ya baharini, jambo linalowafaa sana watu wa Mombasa: Mjerumani Hermann Föttinger alikiombea hataza mwaka 1905 alipokuwa akifanya kazi kwa waunda meli, akitafuta namna ya kuunganisha mitambo ya mvuke iendayo kasi mno na rafadha iendayo polepole. Magari yalikichukua baadaye.

Upande mmoja ukizunguka kwa kasi kuliko wa pili, tofauti hiyo hugeuka joto ndani ya oili. Kwenye tambarare za Taru, gari likienda kilomita 90 kwa saa, konvata hujifunga, pande mbili zikazunguka pamoja, na joto likawa dogo. Wanaodhani urefu wa safari ndio unaoichosha giaboksi wanakosea. Adui ni mlima na lori. Ukishapita Emali ukielekea Sultan Hamud na Salama, gari dogo lenye watu watano na mizigo juu ya keria hutambaa nyuma ya trela, kanyaga, achia, kanyaga tena, konvata ikiteleza muda wote na upepo wa kupoza ukiwa haba.

Oili iliyo salama hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikikaribia 120 huanza kuharibika, na kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi ya kuharibika takriban mara mbili. Mshale wa joto kwenye dashibodi hauyaoni hayo. Unapima maji ya injini. Dereva aliyeonywa kwamba giaboksi “inachemsha” hutazama mshale, akauona umetulia katikati, akazidi kukanyaga.

Tafsiri ya vitabuni ya neno la Kiingereza “overheat”, yaani “kupata joto kupita kiasi”, haina kosa ila haina makali. Kiingereza kina neno moja kwa injini, breki na giaboksi. Kiswahili hakilazimiki kubeba ufukara huo. Fundi akichomoa kijiti cha kupimia, akapangusa oili kwenye karatasi nyeupe ikaacha doa jeusi badala ya jekundu, akanusa, husema: “Ishaungua hii, bwana.” Neno ndilo hilo. Maji yaliyochemka yakipoa ni maji yale yale. Oili iliyoungua haiponi kwa kupoa, na sahani za klachi zilizomo ndani huwa zimeanza kuungua pamoja nayo: resi zinapanda, gari haliendi. Anayesema giaboksi imeungua ametaja dalili, na hasara pia.

Mahali pamoja maji na giaboksi hukaribiana. Katika magari mengi oili hupozwa ndani ya rejeta, kwenye mrija wake mwenyewe. Mrija ukitoboka, maji huingia na oili ikageuka rangi ya faluda. Na injini ikichemsha kweli kweli, giaboksi nayo hukosa pa kupoa.

Tofauti ya maneno huonekana zaidi gari linaposimama. Aliyezoea “kuchemsha” huzima injini papo hapo na kutafuta maji. Kwa giaboksi, ikiwa maji ya injini yako sawa, heri kuweka P na kuiacha injini iungurume polepole, kwa sababu pampu inayoizungusha oili ipite kwenye kipozeo huendeshwa na injini hiyo hiyo. Mlimani, gia ya chini au kuzima O/D (gia ya juu kabisa) kwa magari yenye kitufe hicho huizuia giaboksi kupanda na kushuka gia ovyo. Zile za CVT, zenye mkanda wa chuma, nyingi hupunguza nguvu zenyewe oili ikipata moto. Hiyo ni kinga, si injini kufa. CVT pia hazitaki oili ya giaboksi za kawaida.

Kwa hiyo unayejiandaa kuvuka Makupa kwenda bara, usimuulize fundi tu kama gari linachemsha. Muulize oili ya giaboksi ni ya aina gani, ilibadilishwa lini, na mwambie akuonyeshe doa lake kwenye karatasi.