Mushtarii na Jiwe la El Ali



Hapa kwetu Kudhaa, Mushtarii ikiwa juu huonekana kwa macho matupu, imetulia, haimetimeti kama nyota. Wengi hudhani ni pambo tu la usiku. Tuangalie kazi yake, kwani ushahidi upo humu humu nchini, ingawa si pwani: uko bara, El Ali, mkoa wa Hiiraan.

Huko palikuwa na jiwe la chuma la tani 15 hivi. Wafugaji wa ngamia wamelijua kwa vizazi vitano au zaidi, wakilitungia nyimbo na kulinolea visu. Mwaka 2019 watafutaji wa madini wakatambua kuwa ni kimondo. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kikatangaza kuwa katika kipande cha gramu 70 tu mmeonekana madini mawili ambayo hayakuwahi kuonekana katika maumbile. Moja likapewa jina la mji: elaliiti.

Mawe kama hayo hutoka wapi? Baina ya Mirihi na Mushtarii yamo mawe mengi mno yanayolizunguka jua, yaitwayo asteroidi. Na Mushtarii ni jirani mzito: uzito wake ni mara 318 ya dunia yetu, na unapita mara mbili sayari nyingine zote zikijumlishwa pamoja.

Mwaka 1866 Mmarekani Daniel Kirkwood alionyesha kuwa kati ya njia za mawe hayo mna nafasi tupu. Mushtarii hulizunguka jua kwa miaka 12 hivi. Jiwe linalozunguka mara tatu katika muda huo hupata mvuto ule ule, kwa mpango ule ule, tena na tena. Ni kama mtoto kwenye pembea: msukume kidogo kila anaporudi, mwishowe ataruka juu sana. Njia ya jiwe hurefuka mpaka ikakata njia ya Mirihi, na baadaye ya dunia. Miaka ya 1980 Jack Wisdom alilionyesha hilo kwa hesabu za kompyuta.

Husemwa Mushtarii ni ngao yetu, na kweli Julai 1994 nyotamkia Shoemaker-Levy 9 iliigonga yenyewe. Lakini sisi tunaona ngao ni nusu ya habari. Mvuto huo huo ndio unaotuletea mawe.

Jiwe la El Ali lenyewe, kwa habari za 2022, lilionekana kupelekwa China kutafutiwa mnunuzi. Watoto wa Hiiraan watalijua kwa picha, na kwa nyimbo za babu zao.