Habari za Vitabu na Wasomaji katika Mwambao wa Mwanza

Mkuyuni maana yake ni penye mkuyu, na kila atokaye mjini Mwanza kwa njia ya Shinyanga hupita hapo, Ziwa likiwa upande wake wa kuume, kabla hajafika Butimba na Nyegezi. Walimu wa shule za sekondari za upande huu huuliza mara nyingi: tufanyeje hata watoto wetu wapende kusoma, tena wajue kuitafuta habari wenyewe bila kungoja kuandikiwa ubaoni? Swali hili si geni katika mwambao wetu. Lilikuwapo kabla mji wa Mwanza haujajengwa, na wako waliolijibu kwa kazi ya mikono yao. Basi tumeona vema kuwakumbusha wasomaji habari zao.

Mwisho wa mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walifika Kageye, ukingoni mwa Ziwa, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Huko waliona jambo la ajabu. Watu waliofuata mafundisho ya dini, wawe Wakatoliki, au Waprotestanti, au Waislamu, waliitwa kwa Kiganda "abasomi", yaani wasomaji. Mtu hakuulizwa, "Je, wewe ni wa dini gani?" bali, "Je, wewe wasoma?" Nasi mpaka leo twasema mtoto "anasoma" maana yake yuko shuleni, hata ikiwa hajafungua kitabu mwezi mzima; neno limebaki, na kazi yenyewe pengine imesahauliwa.

Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre wakaondoka Buganda kwa ajili ya hatari, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kamoga katika nchi ya Bukumbi, kusini ya Mkuyuni, kando ya hori ya Mwanza. Fitina ilipozidi Buganda katika mwaka 1888, wasomaji wengi walikimbia, na wengine wao wakapokewa Bukumbi. Hivyo mahali pale, ambapo leo twapita kwa motokaa bila kugeuza shingo, palikuwa nyumba ya watu waliohama nchi yao kwa sababu ya kusoma.

Karibu na wakati huohuo, upande wa kusini wa hori, alikaa Alexander Mackay, Mskoti wa misheni ya Kiingereza. Naye alifukuzwa Buganda katika mwaka 1887, akajenga Usambiro, akaendelea kufasiri Injili kwa Kiganda na kuzipiga chapa kurasa zake. Alikuwa fundi wa mitambo kabla hajawa mwalimu, tena alijua kuzichonga herufi za mti kwa mkono wake. Akafa kwa homa huko Usambiro mwezi wa Februari 1890. Basi kurasa zilipigwa chapa katika mwambao wetu wa kusini, walakini zilikuwa za Kiganda. Msukuma aliyeishi jirani na mtambo ule hakupata ukurasa hata mmoja wa lugha yake. Sisemi hayo kwa kumlaumu Mackay. Nasema tu kwamba tangu mwanzo kitabu kilipita mlangoni petu kikaenda kwingine.

Sasa tuje kwa mtu wetu wenyewe. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, mjukuu wa Mtemi Machunda. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha Seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Wazungu. Hakuwa padre, alioa mke wake Anna, akarudi kisiwani kwake, akawa katekista. Mungu aliwajalia watoto, nao wote wakafa.

Kitereza aliona jambo ambalo wengi wa rika lake waliliona wakanyamaza: wazee walikuwa wakifa na maarifa yao. Namna ya kuposa na kulipa mahari, dawa za mitishamba, kupika pombe ya ndizi, kuwinda, kulima, adabu za mgeni na mwenyeji, yote yalikuwa yakizikwa pamoja nao. Akaanza kuyakusanya na kuyaandika. Asingeweza kuyapanga kama orodha ya duka, maana nani angeisoma orodha? Akatunga hadithi ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wasiojaliwa mtoto, na katika maisha yao akatia maisha yote ya Wakerewe kabla ya kuja Wazungu. Msomaji hufuata machozi ya Bugonoka, na njiani hujifunza jinsi nyumba ilivyoezekwa. Mtu aliyezika watoto wake alijua kuandika habari za nyumba isiyo na mtoto.

Kitabu kilikwisha mwaka 1945, nacho kiliandikwa kwa Kikerewe. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo sana, lakini mpiga chapa hakupatikana. Nani angetoa fedha kwa kitabu kikubwa hivyo, katika lugha ya kisiwa kimoja? Maandishi yakakaa miaka zaidi ya ishirini. Kisha wakaja Ukerewe Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa wakitafuta historia ya Wakerewe, wakamshauri akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mzee huyu, aliyekwisha kupita miaka sabini, akaketi tena, akayaandika yote upya. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu mwaka 1980. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia kisiwani.

Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye ni mtu wa Ukerewe. Basi kijana wa Berlin aweza kukisoma. Je, kijana wa Mkuyuni atakipata wapi?

Hilo ndilo jambo ambalo historia ya maktaba zetu imehangaika nalo. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, vifurushi vya vitabu viliweza kuja kwa gari la moshi. Mwaka 1948 serikali za Afrika ya Mashariki zilianzisha East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kuchapisha ilipeleka masanduku ya vitabu katika miji na shule, na kumwazima msomaji wa mbali kwa njia ya posta. Lilikuwa wazo jema sana: kwamba kitabu ndicho kisafiri, si msomaji. Baada ya Uhuru sheria ya mwaka 1963 ikaweka Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam.

Mwambao wetu ulipata heshima yake pia. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa UNESCO wa kufuta ujinga wa kusoma ulifanya kazi katika mikoa ya Ziwa, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Wakulima walijifunza herufi kwa habari za pamba, wavuvi kwa habari za samaki, wafugaji kwa habari za ng'ombe. Tena ilionekana upesi kwamba mtu aliyejua kusoma, asipopata cha kusoma, husahau. Kwa hiyo vijijini zikawekwa maktaba ndogo. Na huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement alikusanya ngoma, viti vya enzi na vyombo vya Wasukuma, akajenga nyumba ya makumbusho. Hiyo nayo ni maktaba, ingawa kurasa zake ni za mti na ngozi.

Nimepata kuingia katika shule moja, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa maktaba yake. Ilikuwa kabati lenye kufuli. Vitabu vilikuwa safi kabisa. Nilipouliza ufunguo, nikaambiwa anao mwalimu aliyekwenda likizo. Hofu yao naielewa, maana kitabu kilichoazimwa huchakaa, na pengine hakirudi. Lakini kile cha kabatini kilikuwa kimepotea tayari.

Kwa sababu hiyo, kama ningeulizwa shule ya hapa Mkuyuni ianze vipi mwaka wa kusoma na kutafiti, nisingeanza na mashindano wala zawadi. Ningeanza na ufunguo, na daftari la kuazima litunzwe na wanafunzi wenyewe. Kisha kila mmoja apewe muhula mzima kwa swali moja lisilo na jibu ndani ya kitabu cha darasani: kwa nini mahali petu paitwa hivi; mwaloni majina ya pepo ni yapi; bibi yake alijifunza kusoma mwaka gani, na kwa kitabu gani. Aulize wazee wawili na siyo mmoja, maana wazee hawapatani, na hapo ndipo utafiti huanza. Alichosikia akiandike, akitie tarehe na jina la mahali, kisha kiwekwe maktabani pamoja na vitabu vya kununuliwa. Wengine wataandika vibaya. Na wawe hivyo. Mwalimu asahihishe herufi, aiache habari.

Na katika siku za likizo, wale waliokwisha kumsoma Myombekere wapelekwe Ukerewe. Meli ya Nansio hutoka bandarini Mwanza, na safari ni ya muda wa saa tatu hivi. Wachukue daftari, wafike mpaka Kagunguli, wawaulize wazee wa huko kama ndivyo nyumba zilivyoezekwa.