Malale ya Lambwe: Ubongo, Moyo na Majina Yaliyosahauliwa

Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si tena tatizo la afya ya umma nchini Kenya. Watu wa Homa Bay na Migori wana kila haki ya kushangilia. Hata hivyo, masimulizi yaliyozoeleka ya ushindi huo yana pengo kubwa. Husifiwa mitego ya mbung'o, vichaka vilivyofyekwa na ndege zilizonyunyiza sumu bondeni Lambwe. Mgonjwa aliyelazwa wodini hatajwi, wala dawa aliyodungwa.

Mwanzo wa habari hii unajulikana: janga lililofyeka mwambao wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, kisha watafiti Castellani na Bruce waliosaka chanzo chake kule Entebbe. Daktari Robert Koch alifika visiwa vya Sese mwaka 1906 na dawa ya atoksili, yenye aseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Wapo wanaomtetea kwamba hakuwa na dawa nyingine. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu aliongeza kipimo juu ya miili ya watu wasio na uwezo wa kukataa. Mtafiti John Ford, katika kitabu chake cha 1971, anastahili kusikilizwa kwa utulivu zaidi. Alisema Waafrika walijua kuishi na mbung'o kwa kilimo, mifugo na mpangilio wa makazi, hadi sotoka ya miaka ya 1890 na ujio wa wakoloni vilipovuruga mizani hiyo. Ford alianza na watu, ndipo akamfikia mdudu.

Chanzo ninachotaka kisomwe upya ni toleo la nyongeza la jarida la Annals of Tropical Medicine and Parasitology la mwaka 1989. Sehemu kubwa ya makala zake inahusu Lambwe, bonde ambalo leo lina Hifadhi ya Taifa ya Ruma, na mlipuko wa miaka ya 1980 hadi 1984. Wakati huo Homa Bay na Migori zilikuwa bado wilaya moja, Nyanza Kusini. Humo mna historia ya bonde na wakazi wake, dalili ambazo wagonjwa walifika nazo, namna walivyopimwa na namna walivyotibiwa. Ipo pia makala kuhusu ng'ombe wa bondeni ambao vimelea viliwaingia hadi ubongoni.

Makala hiyo ya ng'ombe ina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa, maana ubongo ndiko dawa ziliposhindwa. Suramini iliwafaa wagonjwa wa hatua ya mwanzo, lakini haipenyi kuingia ubongoni. Ndiyo maana mgonjwa alichomwa sindano ya uti wa mgongo kwanza, ijulikane vimelea vimefika wapi. Vikishavuka hadi ubongoni, ilibaki melasoproli, dawa ya aseniki iliyoletwa na Ernst Friedheim mwaka 1949. Iliunguza mshipa, ikayeyusha mabomba ya sindano ya plastiki hadi yakatumika ya kioo, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 kwa kuuvimbisha ubongo uleule iliokuja kuuokoa.

Jina malale nalo limetupotosha. Limetufanya tuutazame usingizi, tukausahau moyo. Malale ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo ya Lambwe, huenda mbio, na msuli wa moyo unaweza kuvimba mapema, kabla mgonjwa hajaanza kusinzia mchana. Anayeandika historia ya ugonjwa huu kwa ubongo peke yake ameandika nusu.

Na ni nani walioandika kumbukumbu hizo za 1989? Wanasayansi wananukuu "Wellde na wenzake". Bruce Wellde alikuwa mtafiti Mmarekani na kazi yake ni kubwa. Lakini neno "wenzake" limewameza Chumo, Siongok, Wanyama, Abinya na wengine waliotia majina yao kwenye makala hizo. Hata orodha hiyo haina wauguzi waliokesha wodini, wala wagonjwa ambao damu yao ndiyo iliyojaza majedwali.

Leo vipo vidonge vya feksinidazoli, vilivyopitishwa kwa malale ya Afrika Mashariki baada ya majaribio Malawi na Uganda. Aseniki inaondoka. Kabla kizazi kilichoionja hakijaondoka nacho, toleo lile la 1989 liwekwe katika maktaba za Homa Bay na Migori, na wazee wa Lambwe waliopona waulizwe yale ambayo majedwali hayakuwauliza.