Makazi Hupangwa na Wenye Makazi: Ukurasa wa Historia kwa Watu wa Jipe



Kila anayeshika njia ya kwenda ziwani wakati wa Desemba ameona mabadiliko. Nyumba za bati zinaongezeka, mipaka ya mashamba inasogea, na wazee wetu wanaulizwa maswali juu ya ardhi ambayo zamani hakuna aliyeyauliza. Ndiyo sababu tumechagua habari ya makazi kuwa ukurasa wa historia, kabla hatujafika kwenye hesabu na ahadi. Mipango mikubwa ya kuwapanga watu wa vijijini katika nyumba mpya imepita mara nyingi nchini mwetu. Tunataka tujue waliotutangulia waliipokeaje, walikataa nini, na kukataa kwao kulizaa nini.

Tuanze nyumbani. Mji wa Mpare haukuwa nyumba peke yake. Ulikuwa nyumba pamoja na shamba, mfereji, zamu ya maji kutoka kwenye ndiva, na mpungi wa ukoo ambao mti wake haukatwi ovyo. Sisi wa tambarare tuna ziwa, malisho na njia za mifugo. Mtu akiamriwa kuhamisha nyumba, ameamriwa kuacha vyote hivyo. Mgeni mwenye ramani huona kibanda tu. Mwenyeji huona maji, makaburi na shamba la wajukuu.

Wazee wetu walijua pia namna ya kupinga jambo bila kuvunja nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakuu wa Upare, wakiungwa mkono na serikali ya Mwingereza, walileta kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa, wakataka kodi iwe sawa kwa wote kama ilivyokuwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kwa miezi. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi walimkabili afisa wa serikali uso kwa uso wakidai shauri liishe. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliandika habari hiyo katika kitabu, na vijana wetu wangefaa kukisoma. Ile ilikuwa habari ya kodi, lakini inaonyesha mambo matatu yanayohitajika katika shauri la ardhi pia: neno moja, subira ndefu, na wanaume kwa wanawake kusimama pamoja.

Mpango mkubwa kabisa wa makazi katika historia ya nchi yetu ulikuja baada ya Uhuru. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Nia ilikuwa njema: watu wakikaa pamoja, shule, zahanati na bomba la maji huwafikia kwa urahisi. Lakini kufika 1973 waliokuwa wamehamia vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni 2 tu. Tarehe 6 Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na lengo likawa kila Mtanzania wa shamba awe kijijini ifikapo mwisho wa 1976. Katika miaka hiyo michache mamilioni walihamishwa.

Milimani kwenye migomba na kahawa, kama Kilimanjaro na Bukoba, watu walikuwa wamebanana tayari, hivyo sehemu kubwa waliachwa pale pale na kuandikishwa kama vijiji. Mzigo mkubwa uliwaangukia watu wa nchi kavu waliokaa mbalimbali. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara, bila kuuliza maji yako wapi, udongo ukoje, ng'ombe watapita wapi. Kuna mahali nyumba za zamani zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mashamba yakawa mbali, kuni zikaisha karibu na kijiji, na ukame wa 1974 na 1975 ukakuta watu hawajatulia. Nchi ikaagiza chakula kwa wingi kutoka nje.

Je, watu walipinga? Walipinga, ila wengi kimyakimya. Walichelewa kuhama, walijenga kibanda cha kuonyesha na kuendelea kulala shambani, na wasimamizi walipoondoka wakarudi walikotoka. Upinzani wa namna hiyo ulimwokoa huyu na yule, lakini haukubadili mpango. Na pale ugomvi ulipoachwa uwe wa mtu na mtu, ulimwaga damu. Huko Isimani, Iringa, siku ya Krismasi 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, naye Mwamwindi akanyongwa. Familia mbili zilipata msiba, na operesheni ikaendelea.

Kilichobadili mambo kilikuja polepole, kwa njia ya mahakama na ya karatasi. Miaka ya 1980 waliohamishwa walianza kufungua kesi kudai mashamba yao ya asili, hasa mkoani Arusha. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki hizo za kimila na kuzima kesi. Mkulima mmoja na baba yake wakaipinga sheria yenyewe, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu katika kesi inayojulikana kwa jina la Akonaay. Mahakama ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, inalindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Wakati huohuo Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi ikisikiliza vilio vya wananchi. Kutoka huko tukapata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Kigamboni. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya ng'ambo ya feri ya Dar es Salaam, katika kata kama Vijibweni, Mjimwema, Kibada na Somangila. Eneo lilikuwa zaidi ya hekta 6,000, na sehemu kubwa wakati huo ilikuwa bado mashamba na makazi ya kawaida. Michoro ilionyesha maghorofa na barabara pana. Wenyeji waliambiwa wasiendeleze maeneo yao, na miaka ikapita bila fidia. Mtu hakuweza kuongeza chumba wala kuuza shamba lake.

Watu wa Kigamboni hawakusema hawautaki mji. Waliuliza watalipwa kiasi gani, watahamia wapi, na kwa nini mwenye ardhi asiwe mbia katika mji utakaojengwa juu ya ardhi yake. Waliuliza hayo katika mikutano ya hadhara na mbele ya mawaziri, na mbunge wao, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, akalibeba swali hilo bungeni. Hatimaye mpango uliachwa katika sura yake ya kwanza, na wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa. Ushindi huo ulikuwa na gharama, maana miaka ya kungoja hairudi. Lakini nyumba zao hazikubomolewa kupisha michoro ile.

Ndugu zetu, tukiyaweka haya pamoja tunaona jambo moja. Walioshindwa hawakukosa ujasiri. Walikosa kikao na maandishi. Walioshinda waliuliza mapema, waliuliza kwa pamoja, na waliweza kuonyesha ardhi yao inaanzia wapi na inaishia wapi.

Sheria ya 1999 inatupa nafasi ambayo wazee wa 1974 hawakuwa nayo. Mtu akitaka ardhi ya kijiji ihamishwe kwa ajili ya mradi, na eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, lakini lazima kwanza azingatie mapendekezo ya wanakijiji. Tena ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa: ni ya aina gani, kiasi gani, na italipwa lini. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki. Mama mjane wa Jipe anastahili hati yenye jina lake.

Lakini haki hii humsaidia aliyejiandaa. Kijiji kinahitaji Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, masijala yenye kabati linalofungwa, na hati za hakimiliki za kimila mikononi mwa kaya. Mpango huo ndio unaosema: hapa ni makazi, hapa ni kilimo, hapa ni malisho, hapa ni njia ya mifugo kwenda maji, na hapa kandokando ya ziwa hapajengwi. Jipe linazidi kubanwa na tope na magugu, na tembo wa hifadhi jirani wanajua njia ya mashamba yetu. Nyumba zikijengwa ovyo katikati ya hayo, hasara itakuwa yetu hata kama hakuna mgeni aliyetuhamisha.

Kwa hiyo msomaji asidhani tunapinga nyumba. Tunataka nyumba nzuri, na tunataka vijana wetu wajenge nyumbani. Tunachotaka ni kwamba siku ramani kubwa itakapoletwa, ikute ramani yetu iko mezani, imepigiwa kura na Mkutano Mkuu na kugongwa mhuri.

Mwaka huu sehemu ya michango yenu itaelekezwa huko: posho na usafiri wa wapimaji, vifaa vya masijala, na ada za hati kwa kaya zisizojiweza, tukianza na wajane na wazee. Anayeweza kutoa fedha atoe. Mwanasheria, mpima ardhi au afisa mipango miji aliye mzawa wetu atupe siku zake za likizo. Mzee anayejua mpaka wa zamani akubali kutembea na vijana wakaandike. Mashahidi wa mipaka hiyo wanapungua kila mwaka, na wakiisha hakuna pesa itakayowarudisha.

Karibuni tuchangie.