Utupa

Utupa (jina la kisayansi Tephrosia vogelii) ni kichaka cha jamii ya mikunde kinachoota katika Afrika ya kitropiki. Hujulikana zaidi kama sumu ya samaki: majani yake yakitwangwa na kutiwa majini, samaki hulewa, huelea juu na kuokotwa kwa mkono. Sumu hiyo hutokana na kampaundi ziitwazo rotenoidi. Kwa kuwa hutoka kwenye jani na huisha majini baada ya siku chache, utupa umezoeleka kuhesabiwa sumu nyepesi. Kwa viumbe wanaopumua kwa matamvua ni miongoni mwa sumu kali zaidi zitokanazo na mimea.

Maelezo ya mmea

Utupa hukua haraka na kufikia urefu wa mita 2 hadi 4. Shina, majani na maganda ya mbegu hufunikwa na vinyweleo laini vya rangi ya manjano au kutu. Maua ni meupe, ya zambarau au ya buluu. Hustawi tangu nyanda za chini hadi mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi hupandwa kandokando ya nyumba na mashamba. Waganda huuita muluku na Wabemba wa Zambia ububa. Katika Kiswahili jina utupa hutumiwa pia kwa mimea mingine inayolevya samaki, hata ile ya jamii ya minyaa ambayo sumu yake ni utomvu.

Jina vogelii linamkumbuka Theodor Vogel, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeshiriki safari ya Waingereza ya Mto Niger mwaka 1841 na kufa mwaka huohuo katika kisiwa cha Fernando Po (sasa Bioko). Mmea ulielezwa kisayansi na Joseph Dalton Hooker mwaka 1849.

Kemia

Rotenoidi kuu za utupa ni degelini, tefrosini na rotenoni. Derisi ya Asia (Derris elliptica) huhifadhi sumu yake mizizini, lakini utupa huiweka zaidi kwenye majani. Ndiyo maana mvuvi huchuma bila kung'oa kichaka.

Tefrosini ilitengwa kutoka kwenye majani ya utupa na Hanriot, Mfaransa, mwaka 1907. Rotenoni ina historia ndefu zaidi. Emmanuel Geoffroy aliipata katika mmea wa kulevya samaki wa Guiana ya Ufaransa na kuiita nikulini; kazi yake ilichapishwa mwaka 1895, baada ya kifo chake. Mwaka 1902 Nagai Nagayoshi wa Japani aliitenga kutoka kwenye derisi na kuipa jina la rotenoni. Muundo wake, C23H22O6, ulibainishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na makundi kadhaa ya watafiti waliofanya kazi karibu wakati mmoja, akiwemo Adolf Butenandt wa Ujerumani.

Si kila utupa una sumu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha mimea ya Malawi, ulionyesha kuwa kuna aina mbili zisizotofautishwa kwa macho: moja yenye rotenoidi, nyingine isiyo nazo kabisa. Mkulima aliyepata mbegu za aina ya pili hutwanga majani yasiyoua kitu.

Athari kwa viumbe wa majini

Samaki aliyelewa utupa huhema juu ya maji kana kwamba amekosa hewa, lakini oksijeni imo tele katika maji na katika damu yake. Rotenoni huzuia hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, hivyo seli hushindwa kuitumia oksijeni iliyoifikia. Sumu huingia moja kwa moja kwenye damu kupitia matamvua, yenye ngozi nyembamba na eneo kubwa la kugusana na maji. Mnyama wa nchi kavu anayeimeza huivunja sehemu kubwa tumboni na kwenye ini. Samaki hana kinga hiyo. Katika udhibiti wa samaki, kiwango kinachotumika kwa kawaida ni mikrogramu 25 hadi 200 za rotenoni kwa lita moja ya maji.

Spishi hazidhuriki sawasawa. Kambare, ambaye huweza kupumua hewa, na samaki wengine waliozoea maji machafu huhimili zaidi kuliko wale wa mito baridi na safi. Mayai ya samaki hustahimili kuliko vifaranga. Viluwiluwi hufa kwa wingi, ilhali vyura wakubwa huponea. Wadudu wachanga wenye matamvua na planktoni wanyama huathirika vibaya. Konokono huvumilia zaidi.

Hasara ya planktoni wanyama huonekana kwa kuchelewa. Hao ndio wanaokula mwani na ndio chakula cha kwanza cha samaki wachanga. Wakitoweka, mwani huongezeka na maji hugeuka kijani, na vifaranga walionusurika hukosa chakula.

Sumu yenyewe haidumu. Jua na joto huivunja: katika maji ya nyuzijoto 24 nusu yake hupotea kwa takriban saa 14, na katika maji yanayokaribia kuganda huchukua zaidi ya saa 80. Potasiamu pamanganeti huizima.

Mfano uliofuatiliwa kwa makini ni wa Mto Rondegat, katika milima ya Cederberg nchini Afrika Kusini. Mwaka 2012, na tena 2013, wasimamizi wa hifadhi walitia rotenoni katika kipande cha takriban kilomita 4 ili kuwaondoa samaki wageni aina ya besi. Wadudu wengi wa majini walipungua papo hapo, kisha wakarejea. Samaki wa asili walishuka kutoka sehemu ya juu ya mto, ambako sumu haikufika, na kuongezeka. Kidimbwi kilichojitenga wakati wa kiangazi hakina sehemu ya juu kama hiyo.

Athari kwa mimea

Rotenoni haiui mimea ya majini. Shambani utupa hurutubisha udongo kwa nitrojeni, lakini hustawisha pia minyoo fundo, adui wa tumbaku inayofuata.

Matumizi

Uvuvi wa utupa hufanyika hasa wakati wa kiangazi, mto unapokatika na kubaki vidimbwi. Majani hutwangwa kinuni au kupondwa kwa mawe, huwekwa kwenye vikapu na kusukwasukwa majini. Pwani hutiwa katika vidimbwi vya miambani maji yakipwa. Samaki huliwa baada ya kutolewa matumbo na kupikwa. Joto hupunguza sumu iliyobaki.

Shambani, maji ya majani yaliyolowekwa hunyunyiziwa dhidi ya viwavi na kupe, na unga wa majani makavu huchanganywa na maharagwe ghalani kuzuia wadudu. Wakulima huupanda pia kufukuza fuko.

Afya ya binadamu

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionyesha kuwa panya waliopewa rotenoni mishipani kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa mwaka 2011 ulihusisha matumizi ya rotenoni miongoni mwa wakulima wa Marekani na ugonjwa huo.

Mimea mingine yenye sumu ya majini

Pareto, inayolimwa Kenya na Tanzania, ina piretrini, ambazo ni hatari sana kwa samaki na wadudu wa majini. Saponini hufanya kazi kwa njia nyingine: huharibu matamvua na kupasua seli nyekundu za damu. Mashudu ya mbegu za chai, yenye saponini, hutiwa katika mabwawa ya kamba kuua samaki huku kamba wakibaki salama. Nchini Ethiopia, mwaka 1964, Aklilu Lemma aliona konokono waliokufa mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda ya endodi (Phytolacca dodecandra). Ugunduzi huo ulielekezwa katika kupambana na kichocho, kwa kuwa konokono hubeba vimelea vyake. Endodi, hata hivyo, huua samaki pia.

Sheria

Uvuvi wa sumu, ya mimea au ya viwandani, umepigwa marufuku Tanzania kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2016. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu. Zilizoshukiwa wakati huo zilikuwa dawa za viwandani. Kupanda utupa shambani hakujakatazwa.